Dramu za Gemu na Mpigaji Niliyemwambia Amechelewa

Dramu za kwanza nilizowahi kuunganisha na kompyuta nilizikuta jikoni kwa mwinjilisti mmoja wa Igowole, zikitumika kuwekea masufuria. Nilikuwa nimekwenda kutengeneza spika za kanisa lao. Mke wa mwinjilisti akaipua maharage, akayatua juu ya kitu cha plastiki chenye maduara manne: jekundu, la njano, la bluu na la kijani. Chini yake kulikuwa na pedali ndogo, kama ya cherehani ya kuchezea.

Nikauliza ni nini.

"Ni ngoma, Mama," mwinjilisti akasema. "Zilikuja kwenye boksi la zawadi kutoka kwa marafiki wa usharika walioko ng'ambo, pamoja na sweta. Tumezipiga sana, hazitoi sauti. Tukaona zisikae bure."

Nikasubiri sufuria itolewe, nikazigeuza. Waya ulikuwa mzima, na mwisho wa waya kulikuwa na ile plagi bapa ya kuingia kwenye kompyuta. Zilikuwa dramu za gemu, zile ambazo mtu hupiga akitazama runinga na kufuatisha rangi zinazoshuka. Zenyewe hazina sauti hata chembe. Kazi yake ni kuiambia mashine kwamba duara fulani limegongwa, basi. Niliziomba, mwinjilisti akanipa palepale. Mke wake ndiye aliyesita, maana alikuwa anawaza sufuria itatuliwa wapi. Safari iliyofuata nilimpelekea kipande cha ubao wa mkaratusi kilichopigwa randa vizuri, tukawa marafiki. Duara la bluu lilibaki na alama ya kitako cha sufuria mpaka mwisho, na lilifanya kazi kuliko mengine yote.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya kurekodi. Mnapokuja kwangu hapa Kihesa, Iringa, swali lenu ni lilelile: dramu halisi hatuna, chumba ni kidogo, tufanyeje? Huwa nawaeleza habari za dramu za gemu, mnaandika kwenye simu zenu, mnaaga. Lakini iko sehemu ya habari hiyo ambayo sijawahi kuisema mlangoni. Sasa nimestaafu. Masikio yangu hayasikii tena sauti nyembamba za sahani za dramu, na fundi sauti asiyesikia sahani ni bora akafuge kuku. Ninao kuku kumi na wawili. Kwa hiyo sina mteja wa kumficha kitu.

Kazi nilijifunzia Mbeya, pale Mwanjelwa, kwenye kibanda cha fundi redio aliyeitwa Mzee Sanga. Mimi ni mtu wa Kilolo. Nilipomaliza la saba nilipelekwa Mbeya kwa shangazi nimsaidie kuuza vitenge, na kila aliponituma nilikutwa nimesimama kibandani kwa Mzee Sanga natazama risasi ya kulehemu ikiyeyuka kwenye waya. Shangazi akachoka, akanikabidhi kwake rasmi. Mwaka wa kwanza nilifagia na kunyoosha waya za shaba. Mwaka wa pili Mzee akanipa redio iliyokufa nijaribu mwenyewe. Nilibadilisha vipuri vitatu, nikaunguza kidole, nikaunguza na kipuri cha nne. Mzee akaichukua, akageuza betri moja iliyokuwa imewekwa kichwa chini, redio ikaimba.

Hakucheka. Alisema, "Oliva, wewe unaanzia katikati. Fundi huanzia pale umeme unapoingilia, akaufuata kwa miguu mpaka kwenye spika. Ukianzia katikati utamlaumu asiye na kosa."

Nikaitikia, "Ndiyo, Mzee." Kuitikia ni rahisi.

Basi, miaka mingi baadaye nikawa na chumba changu cha kurekodia hapa Iringa, nyuma ya nyumba, chenye nafasi ya kutosha vitanda viwili na mtu mmoja mwembamba. Maiki zilikuwa mbili. Paa lilikuwa la bati, na ninyi mnaijua mvua ya hapa: ikianza kupiga bati, hurekodi kwaya tena, unarekodi mvua. Kuingiza dramu halisi mle ndani lilikuwa jambo lisilowezekana. Ndiyo maana kwaya nyingi zilitumia mdundo uliomo kwenye kinanda, zikawa zote zinatembea mwendo mmoja kama askari kwenye gwaride.

Zile dramu za Igowole nilipozichomeka, kompyuta ilizitambua kama kifaa cha kuchezea gemu, ikanyamaza. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kinachohitajika ni programu ndogo ya kukaa katikati, mfano wa mkalimani. Duara jekundu likigongwa, mkalimani anaiambia programu ya kurekodia, "Noti fulani imepigwa," na programu inatoa sauti uliyoiwekea noti hiyo. Sauti zenyewe nilizitengeneza kwa mikono. Nilikwenda kwenye kanisa moja lenye dramu nzuri, katikati ya wiki, nikaweka maiki na kupiga pigo mojamoja, kila kipande kilie peke yake mpaka kinyamaze. Mlinzi wa kanisa alikuja mara mbili kuniuliza kama naumwa.

Zilinisumbua kwa namna zake. Pigo moja kompyuta ililihesabu mawili, kwa sababu plastiki hutetemeka baada ya kugongwa; dawa yake ni kuiambia programu isisikilize kitu chochote kwa kitambo kidogo sana baada ya pigo la kwanza. Fimbo zilipiga kelele kwenye plastiki, tak tak tak, nikakata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli na kuyavika maduara. Na zilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: hazikujua upole. Ugonge kwa hasira au uguse kama unamwamsha mtoto, kwake pigo ni pigo, sauti inatoka na ukubwa uleule. Nilikuwa nimekubali kuishi na upungufu huo mpaka alipokuja Lusajo.

Lusajo alikuwa seremala, kijana wa miaka thelathini hivi, Mnyakyusa wa huko Uyole, Mbeya. Alikuja Iringa kufanya kazi kwenye karakana ya madawati, na kwa kuwa hakuwa na ndugu hapa, kwaya ndiyo ilikuwa ukoo wake. Alikuwa mpiga dramu wa kwaya ya Mwalimu Kihwele. Mwalimu huyu alikuwa amefundisha kwaya zaidi ya miaka ishirini, mtu wa koti hata juani, na alichoka na mdundo wa kinanda. Akaniambia, "Mama Oliva, safari hii nataka mkono wa mtu."

Lusajo alifika na fimbo alizochonga mwenyewe kwa mti wa mbuni. Aliziangalia dramu zangu, akalibonyeza kila duara kwa kidole gumba kama anayechagua parachichi. Akapiga kidogo, akasimama.

"Hazina pole na kali," akasema.

"Hazina."

"Basi jekundu liwe pigo kali, na la njano liwe pigo lilelile lakini dogo. Mimi nitahama."

Nilifanya kazi na wapigaji wengi, hakuna aliyewahi kuliwaza hilo. Nikaweka sauti moja kwa ukubwa wa namna mbili kwenye maduara mawili, akawa anahama kati ya jekundu na njano kwa kasi ambayo macho yangu hayakuifuata, na ghafla plastiki ile ikawa na pumzi. Wiki hiyohiyo pedali ilivunjika, akaniundia nyingine ya mbao yenye bawaba ya mlango. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akizichukulia zile dramu kama chombo cha kazi.

Siku ya kurekodi kwaya ilikuja asubuhi. Tulikwisharekodi waimbaji na kinanda siku zilizotangulia, ilibaki dramu tu. Watu kumi na kitu walijaa mlangoni na dirishani kutazama. Lusajo alivaa hedifoni, akapiga wimbo wote kwa mara moja. Nikauchezesha kwenye spika ili wote wasikie.

Dramu zilikuwa zimechelewa. Si sana. Ni chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, lakini katika muziki hiyo ni sawa na mtu anayesema "Amina" wenzake wameshakaa. Akarudia. Imechelewa. Akarudia tena na tena, mara ya tano jasho linamtoka, na kila mara imechelewa.

"Mama," akasema, "mimi nasikia nimepiga mahali pake. Ila kwenye haya mahedifoni najisikia kama kuna mtu ananifuata nyuma."

Someni tena sentensi hiyo, wanangu. Alikuwa ananieleza ugonjwa wenyewe, kwa lugha iliyo wazi kuliko ya kitabu chochote. Mimi nilikuwa nimechoka, kwaya inanitazama, na nilikuwa na kompyuta.

Nikamjibu, "Kompyuta haidanganyi, Lusajo." Kisha nikamgeukia Mwalimu Kihwele, mbele ya watu wote. "Mwalimu, huyu hana mdundo. Tafuta mwingine."

Hakubisha. Alizifunga fimbo zake kwa kipande cha kamba, akaniambia asante, akatoka. Watu walimpisha mlangoni bila kumtazama. Baada ya wiki mbili nikasikia ameacha kazi karakanani na kurudi kwao. Niliona ni mambo ya vijana. Niliweka mdundo wa kinanda kwenye nyimbo, kwaya ikachukua kazi yao, tukaendelea.

Mwalimu Kihwele hakuridhika. Baadaye akaniletea mpigaji mwingine, mtu mzima, mwenye sifa. Naye akachelewa. Nikasema moyoni wapigaji wamekwisha Iringa. Mwalimu akavua koti, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akakaa mwenyewe. Naye akachelewa. Akavaa koti lake, akaenda zake. Nilipobaki peke yangu nikakaa mimi, nikapiga polepole kabisa, moja, mbili, tatu, nne. Nikachelewa.

Hapo ndipo nikaanzia pale ambapo ningepaswa kuanzia tangu siku ya kwanza. Niliweka maiki moja karibu kabisa na duara jekundu, ya pili mbele ya spika, nikagonga. Maiki ya kwanza ilinasa mlio wa fimbo kwenye mpira, tak. Ya pili ilinasa sauti ya dramu iliyotoka kwenye kompyuta, du. Sauti mbili hizo zingepaswa kuwa pamoja. Nikazikuza kwenye kioo cha kompyuta, zikaonekana kama vichuguu viwili vyenye uwanja katikati. Niligonga mara arobaini. Uwanja ulikuwa uleule, mara zote arobaini.

Mtu akichelewa, huchelewa hivi mara hii na vile mara nyingine. Akichoka anazidi, akikasirika anawahi. Kinachochelewa sawasawa, mara tano mfululizo, kwa wapigaji wanne tofauti, si mtu.

Sababu yake ilikuwa kwenye mipangilio, na ilikuwa imewekwa na mimi. Kompyuta yangu ilikuwa ya zamani, ikikwaruza sauti. Ili isikwaruze, nilikuwa nimeiruhusu ivute pumzi ndefu kabla ya kutoa sauti. Yaani ikusanye fungu kubwa ndipo itoe. Kwa kurekodi waimbaji haikuwa na madhara, sikuona kitu, na kabla ya Lusajo sikuwa nimewahi kurekodi wimbo kwa dramu zile. Kwa dramu, mpigaji alikuwa anausikia wimbo umechelewa, anajisikia mwenyewe amechelewa, na kompyuta inaandika kila pigo mahali ambapo si pake. Kilichohitajika ni kupunguza ile pumzi, na kuiambia programu ni kiasi gani cha kurudisha nyuma. Ni kazi ya dakika chache. Niliifanya palepale, nikapiga tena, ikakaa.

Mngetegemea nilivaa viatu nikaenda kumtafuta Lusajo. Sikwenda. Nilikaa kimya miezi minne. Nilijiambia nyimbo zimeshatoka, kijana ameshaondoka, na mteja akijua fundi alikosea hiki atauliza na kile. Hizo ndizo sababu nilizokuwa nazo, nazisema kama zilivyokuwa.

Kilichonitoa kimya ni neno moja. Nilikwenda mazoezini kwa kwaya ya Mwalimu Kihwele kuangalia maiki zao. Walikuwa wanaimba, na mama mmoja wa sauti ya pili akachelewa kuingia. Mwenzake akamwambia, "Umelusajo." Watu wakacheka, hata mwenye kosa akacheka. Nikauliza wanasema nini. Wakanieleza bila wasiwasi wowote: kulusajo ni kuchelewa mdundo. Watoto wa shule ya Jumapili nao walikuwa wanalitumia. Baadhi yao hawakujua kwamba ni jina la mtu.

Nikamwomba Mwalimu anipe nafasi. Nilisimama mbele nikawaambia kwamba Lusajo hakuchelewa hata mara moja, kwamba iliyochelewa ni kompyuta, na kwamba aliyeichelewesha ni mimi. Nikawaambia pia kwamba nimelijua hilo miezi minne. Mwalimu Kihwele alikuwa ameshika miwani yake. Mwisho akasema, "Basi mtu amwambie." Hakusema nani.

Namba yake ya simu haikupatikana. Msimamizi wa karakana ya madawati akanielekeza: amefungua kibanda chake Uyole, kando ya barabara ya kwenda Tukuyu, anatengeneza milango. Siku ya pili yake nikapanda basi la Mbeya na laptopu kwenye kikapu, imefunikwa kitenge. Sikuwa nimefika Mbeya kwa muda mrefu. Kibanda cha Mzee Sanga kilikuwa kimekwisha kuwa duka la simu.

Nilimkuta Lusajo anapiga randa ubao. Aliponiona aliacha, akajifuta mikono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Umekuja kikazi huku?"

"Nimekuja kwako."

Akanipa kigoda. Mke wake, Atupele, akatoka ndani, akanisalimia kwa kupiga goti, akaniletea chai na magimbi kabla hajajua mimi ni nani. Nilipoitaja kazi yangu alinitazama mara moja, akasogeza sahani ya magimbi karibu zaidi, na baada ya hapo hakuondoka.

Nilisema nilichokwenda kusema. Nilikuwa nimekipanga njiani, kikatoka kifupi kuliko nilivyopanga. Lusajo alisikiliza ameshika randa.

"Hayo yamepita, Mama," akasema. "Asante kwa kuja."

"Siku hizi unapiga wapi?"

"Sipigi."

"Kanisani wamemwomba mara tatu," Atupele akasema. "Anawaambia atawaharibia."

"Si hasira," Lusajo akasema, akimjibu mke wake zaidi kuliko mimi. "Nilijaribu. Toka siku ile, nikiinua fimbo nasikiliza kwanza kama nimechelewa. Na mtu akisikiliza kwanza, anachelewa kweli."

Umeme umenirusha mara tatu katika maisha yangu ya kazi. Kila mara nilijua cha kufanya baadaye. Pale sikujua, kwa hiyo nikafanya kitu pekee nilichokiweza: nikafungua laptopu. Sikuwa nimezifuta zile rekodi zake tano. Nilimwonyesha kwanza jaribio langu, vichuguu viwili na uwanja wake, nikamwambia hiki ni mkono, hiki ni kompyuta. Kisha nikamfungulia wimbo wake, mistari ya wimbo juu, mapigo yake chini.

Alikisogelea kioo. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa futi ya kupimia, akaiweka juu ya kioo cha laptopu yangu.

"Sentimita moja na nusu," akasema. "Sogeza mbele."

Nikasogeza.

"Moja na nusu. Sogeza."

Akapima pigo la kumi, la ishirini, akapima mwisho wa wimbo ambako nilidhani angekuwa amechoka. Akaniambia nifungue rekodi ya tano, ile ya jasho. Akapima pia. Atupele alikuwa amesimama nyuma yake anasoma futi pamoja naye. Mteja mmoja alikuja kuulizia mlango, akaambiwa asubiri, naye akajongea kutazama.

"Hii si mkono," Lusajo akasema hatimaye. Aliongea taratibu, kama fundi anayemweleza mwenye nyumba. "Mkono haukati sawa namna hii. Mimi nikikata mbao ishirini kwa msumeno, mbili zitazidi, tatu zitapungua. Hizi zimekatwa na mashine."

"Ndivyo."

"Sasa zisogeze zirudi mahali pake."

Nikazishika zote kwa pamoja, nikazirudisha nyuma sentimita moja na nusu, nikafungua sauti. Spika za laptopu ni ndogo, na malori ya Tukuyu yalikuwa yanapanda mlima. Lakini wimbo ulisikika. Mkono wake ulihama kutoka kali kwenda pole na kurudi, na kwaya ilikuwa imeegemea juu yake kama mtu anayeegemea ukuta anaoujua. Yule mteja wa mlango akaanza kutikisa kichwa. Wimbo ulipokwisha, Lusajo akasema, "Rudia." Nikarudia. Mara ya tatu hakutazama tena kioo. Alikuwa ametazama barabarani, na Atupele alikuwa ameshika mgongo wa shati lake.

Aliniuliza kama kwaya wanajua. Nikamwambia wanajua, na kwamba Mwalimu anamwomba arudi. Akatikisa kichwa.

"Nimekusamehe, Mama Oliva, na hilo nalisema mbele ya mke wangu. Lakini Iringa sirudi. Kuna namna walivyonipisha pale mlangoni."

Sikumbembeleza. Nilimwachia nakala ya wimbo, nikala magimbi yangu, nikarudi. Kwenye chumba changu niliurekebisha wimbo ule wenye mapigo yake, Mwalimu Kihwele akautoa upya kwa washarika, akasimama kanisani akalitaja jina la mpigaji. Lile neno la kuchelewa lilikufa polepole. Watoto walikuwa wa mwisho kuliacha.

Ninyi leo mna kompyuta zenye kasi, na dramu za umeme zinazojua pole na kali. Hata zile za gemu mkizikuta mnadani bado zinafaa kabisa, msizidharau. Lakini kila mashine ina pumzi yake. Ipime wewe, na maiki mbili, kabla mpigaji hajafika. Usiipime akiwa amekaa kwenye kigoda watu wanamtazama. Na mpigaji akikwambia neno ambalo hulielewi, liandike kwenye karatasi hata kama umechoka, maana pengine ndiye mtu pekee chumbani anayeisikia hitilafu yako.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja nikiwa nawamwagia kuku pumba, simu ikalia kwa namba nisiyoijua. Alikuwa Lusajo. Tukasalimiana, akanieleza kwamba kanisani kwao wameletewa dramu za umeme, na vijana wanagombana kwa sababu kila anayepiga anaonekana kuchelewa.

"Nimewaambia wasigombane," akasema. "Nimewaambia tupime kwanza. Ile maiki ya pili uliiweka umbali gani na spika?"

Nikamwambia. Nilimsikia akirudia maneno yangu kwa watu waliokuwa naye, kwa sauti ya mtu anayetoa amri kwenye kazi yake. Nikauliza kama na yeye anapiga.

"Leo Jumapili ya tatu napiga," akasema. "Ngoja, Mama. Usikate."

Akaiweka simu mahali. Nilisikia viti vikiburutwa, mtu akikohoa, kisha dramu zikaanza. Mtandao ulikuwa mbaya, pigo linakuja, pigo linapotea, jingine linakuja limekatika kichwa. Kwa sauti kama ile hakuna fundi duniani ambaye angeweza kusema kama mpigaji yuko mahali pake au amechelewa. Nikaweka debe la pumba chini, nikasikiliza.